Masikio ya Dada Zawadi

Kabla hatujaona kitu, tulisikia madebe.

Hilo halikuwa jambo geni. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na katika majira hayo bonde letu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, lilikuwa linaamka na madebe na kulala na madebe. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti ambalo mtu anakaa juu yake kuamia ndege, na kila dungu lilikuwa na debe na fimbo. Kwelea wakitua kwa jirani, jirani anagonga, na wakiruka kwake wanakuja kwako. Kwa hiyo ukisikia debe la mwenzako unaitikia kwa la kwako, hata kama hujaona ndege hata mmoja. Kutoitikia kulikuwa tusi. Watu waliwahi kunyimana moto wa kuwashia jiko kwa sababu hiyo.

Nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kubeba maji ya kunywa. Dada yangu Zawadi, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga kitenge kama mtu mzima, alikuwa juu ya dungu. Mama alikuwa chini anamenya mihogo. Baba alikuwa shamba la chini, karibu na mto.

"Zawadi," mama alisema, "mbona unagonga kama mtu anayepiga hodi kwa mkwe? Gonga!"

"Ndege wa leo wana adabu, mama. Wanasikia hata wakinong'onezwa."

"Adabu yao utaiona siku ya kuvuna, tukila makapi."

Ndipo ukaja mlio kutoka mtoni. Mlio mkavu, wa haraka, ukakatika, ukaanza tena. Mama alicheka. Aliuliza nani huko chini amenunua debe jipya.

Zawadi akaitikia. Jirani wa upande wa mlima akaitikia. Baba naye akaitikia. Tulilijua debe lake, maana alikuwa anagonga polepole, kama mtu anayepigilia msumari kwenye ubao mgumu. Mlio ule ukarudi, na sisi tukaujibu kwa nguvu zaidi, kama majirani wema. Kwa muda ambao sijawahi kuweza kuupima, bonde zima lilikuwa linajibu bunduki kwa madebe. Kila familia ilikuwa inasema kwa sauti kubwa mahali ilipo.

Kisha debe la baba likanyamaza.

La shamba lililofuata likanyamaza pia.

Madebe yalikuwa yanazimika moja moja, na kuzimika kwake kulikuwa kunakuja upande wetu.

Zawadi aliinua fimbo na hakuishusha. Aligeuza kichwa taratibu.

"Mama," alisema, "hao si ndege."

Tulikimbilia kwenye matete.

Watu wakijua nilikotoka huniuliza niliona nini. Niliona tope. Niliona kisigino cha mama mbele yangu. Vitu vingine vyote vya siku ile viliingia kwa masikio, na aliyevipokea zaidi ni dada yangu, kwa sababu mimi mama alinikandamiza kichwa kifuani kwake na viganja vyake vikanifunika huku na huku. Mama alikuwa na mikono miwili tu. Zawadi alisikia mwenyewe.

Baba hatukumzika. Waliokwenda mtoni baadaye walirudi wakasema tusiende.

Wengi wanadhani vita ni siku ile. Siku ile ilikuwa fupi. Vita ni kile kilichofuata, mavuno mpaka mavuno mengine, tukitoka kijijini kwenda porini na kurudi kijijini, kutegemea nani amelala kwenye nyumba zetu. Katika maisha hayo mama alitegemea kitu kimoja. Alikuwa anasimama, anainua kidole, anasema, "Zawadi, sikiliza."

Zawadi alikuwa anasikiliza. Sisi tulikuwa tunautazama uso wake. Ukilegea, tunawasha moto. Ukikaza, tunakula mihogo mibichi. Aliacha kulala chali. Alilala ameketi, mgongo kwenye mti. Halafu akaacha kutafuna. Alisema kutafuna kunaziba masikio. Alikuwa anaumung'unya muhogo mpaka ulainike, kisha anaumeza, macho yake yakiwa mbali.

Mara moja alikaza uso wakati mama alikuwa ameshajaza maji kwenye sufuria.

"Hakuna mtu, Zawadi. Ni upepo."

"Upepo haukanyagi, mama."

Tuliacha sufuria pale pale.

Walipita.

Waliichukua sufuria.

Dada alipatia mara nyingi kuliko alivyokosea, na huko kupatia ndiko kulikotufikisha ziwani tukiwa bado watatu. Tulivuka na wafanyabiashara wa dagaa, chini ya turubai, mpaka pwani ya Ikola ambako mama alizaliwa. Mjomba Deusi, kaka yake mama, alikuja kutuchukua na lori la kuazima. Alitubeba kama magunia, mmoja mmoja, akatuweka nyuma, akasema, "Haya, nyie sasa mko kwenu. Huku kwetu Katavi tunapigana na nguruwe pori tu."

Zawadi hakucheka. Alikuwa anasikiliza injini.

* * *

Mjomba alikuwa na mashamba ya mpunga Kakese, nje kidogo ya Mpanda mjini. Alitujengea chumba cha tofali mbichi kando ya nyumba yake, na mke wake, Mama Skola, alitupa vyombo, mablanketi, na nafasi kwenye benchi la kanisani. Mimi nilianza shule. Nilinenepa. Nilijifunza kucheza rede na kutukana kwa Kikonongo.

Mama alifariki masika ya pili. Alikuwa anaosha vyombo, akaketi chini kama mtu aliyechoka, na hakunyanyuka tena. Wazee walisema moyo. Hakuwa mzee. Niliwasikia wakijiuliza kwa sauti ya chini mtu anafikaje salama kisha anakufa, kama kwamba kufika salama ni dawa.

Mwaka ule ule kwelea walikuja Kakese.

Tulikuwa tunakula mchana. Mjomba alikuwa anasimulia habari za mtu aliyeuza punda akanunua pikipiki, na punda akarudi nyumbani mwenyewe wakati pikipiki iliharibikia njiani. Mama Skola alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Zawadi aliweka bakuli chini.

"Wanakuja," alisema.

"Akina nani?"

"Ndege."

Mjomba alitoka, akatazama mbingu zote, akarudi. "Mbingu ni safi kama sahani ya padri," alisema. "Kula, mama."

Hakuwa amemaliza tonge lake pale kivuli kilipopita juu ya ua. Baada ya hapo likaja lile vumi la mabawa ambalo kila mkulima analijua, kama mvua inayotembea juu ya majani makavu. Lakini Zawadi alikuwa ameshaondoka. Tulimkuta juu ya dungu, anagonga, na mashamba mengine yalikuwa yamepata nafasi ya kujiandaa.

Kijiji kilifurahi. Nani asingefurahi? Mpunga wa mtu ni ada ya shule, ni paa, ni harusi. Kuanzia hapo dada yangu akawa na kazi na jina. Vijana walimwita Rada. Watu walikuja kwa mjomba msimu ukikaribia: "Mzee Deusi, tuazime Rada wako siku moja." Mjomba alivimba kama mzazi wa mwanafunzi wa kwanza darasani. "Huyu," alikuwa anawaambia wageni, "mbu akipiga chafya kule Kasekese, yeye anamwambia pole akiwa hapa." Wanawake walimletea maziwa, karanga, vitenge. Karanga alinipa mimi.

Sikumbuki mtu yeyote aliyekuwa na nia mbaya. Zawadi alifika Kakese na masikio ambayo hayajui kufunga, na sisi tulikuwa na shamba. Mtu akikuta jiwe linalofaa kunolea kisu haliulizi limetoka mlima gani.

Miaka ikapita. Msimu wa ndege ulikuwa unaisha, lakini kwa Zawadi hakikuisha kitu. Alikaa ukutani, uso mlangoni. Mtu akidondosha kifuniko, mwili wake wote unaruka na kurudi, kisha anatabasamu kutuomba radhi. Tumbo lilikuwa linamuunguza. Nywele zilikuwa zinatoka kwenye kitana kwa mafungu. Mambo yake ya kila mwezi yalikuja yakitaka, yakaacha, na Mama Skola alipomuuliza taratibu kama kuna mwanamume, alijibu, "Mama Skola, mwanamume ataingilia wapi mimi nimekaa mlangoni?" Tulicheka wote. Alikuwa na mizaha hiyo. Bado anayo.

Kisha akaanza kusahau. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Alikwenda kisimani akarudi na ndoo tupu, akaiangalia kama ndoo ya mtu mwingine. Aliniita kwa jina la mama, jambo ambalo linatokea kwenye kila nyumba, ila yeye hakujisahihisha. Ajabu ni kwamba sauti hakuzisahau. Alijua lori la nani linapita barabarani kabla halijatokea kwenye kona. Jina la mwenye lori, ambaye alikuwa jirani yetu, lilikuwa limempotea.

Siku aliyoanguka chini ya dungu ndiyo tuliyompeleka hospitali Mpanda mjini, mimi na mjomba.

Daktari alikuwa msichana ambaye huenda alilingana na Zawadi kwa umri. Alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akasoma, akafungua, akafunga mkono mwingine. Akaenda kuleta mashine nyingine. Kisha alimuuliza maswali mengi kwa upole, na Zawadi akajibu machache, na mimi nikajibu yaliyobaki: matete, sufuria, mihogo mibichi.

"Mwili una homoni za kumwokoa mtu," alitueleza. "Ukikutana na simba, zinamwagika. Moyo unakwenda mbio, tumbo linaacha kazi, njaa inakatika, masikio yanafunguka. Zinakusaidia ukimbie. Simba akishaondoka, zinatakiwa zishuke."

"Na kwa dada?"

"Hazikushuka. Mwili umekaa tayari kukimbia miaka yote hii." Alinyoosha kidole kwenye mkono wa Zawadi, pale kitambaa kilipokuwa. "Mishipa imechoka. Sukari inaanza kupanda. Hata ubongo unachoka. Kuna sehemu inayotunza kumbukumbu, na kuna sehemu inayolinda hatari. Hofu ikikaa muda mrefu, ya ulinzi inazidi kuwa kali na ile ya kumbukumbu inasinyaa."

Zawadi alikuwa anatazama mlango. Nesi alikuwa anapita na kigari cha dawa.

"Unafanya kazi gani, dada?"

"Naamia ndege."

"Ah, vizuri." Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Angalau hiyo ni kazi ya kukaa."

Hapo mjomba hakuweza kujizuia. Alisogea mbele kwenye kiti. "Daktari, huyu si mwamia ndege wa kawaida. Huyu tunamwita Rada. Anawasikia kwelea kabla hawajaonekana! Mchana kutwa halegei, hasinzii, kitu hakimpiti. Kijiji kizima kinamtegemea."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Mzee wangu," alisema, "hicho mnachomsifia ndicho ugonjwa wenyewe."

Mjomba alivua kofia. Alikaa nayo mapajani, akiizungusha, akiizungusha. Mzee huyu alitubeba nyuma ya lori kama magunia ya thamani. Sikuweza kumtazama.

"Aache kazi hiyo," daktari alisema. "Apate mahali pa utulivu, dawa ameze kila siku, na aje hapa tuwe tunazungumza."

Zawadi alimgeukia. "Nikiacha, daktari, nitayafanyia nini masikio?"

Daktari alichukua kalamu, akaandika tarehe ya kurudi.

* * *

Nilimchukua nikakaa naye Kashaulili, mjini, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya maduka. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shule, na nafasi ikipatikana naandika hadithi zangu, ambazo wakati ule hazikuwa na vita hata moja. Niliamini kwamba nikimtoa shambani nimemtoa vitani. Niliamini hivyo kwa moyo wote, kwa jinsi mtu anavyoamini jambo alilolisoma mwenyewe.

Mashine ya kukoboa ilikuwa inaanza asubuhi. Bodaboda zilikuwa zinakohoa uchochoroni. Spika za duka la simu ziliimba mpaka jua linazama, watoto walikuwa wanapiga teke mabati, mafundi walikuwa wanagonga vitanda vya chuma. Mimi nilikuwa nimeacha kuyasikia haya yote. Yeye aliyasikia moja moja, akayapima moja moja. Kila sauti ilikuwa swali, na hakuna iliyokuja na jibu.

Tulijaribu. Alimeza dawa. Tulikwenda kwa daktari, akamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kuiachia taratibu, na Zawadi aliifanya vizuri sana, kwa utii, huku shingo yake imekaza kama kamba ya kisima. "Navuta hewa, mdogo wangu," aliniambia, "lakini nayo ina kelele." Nilinunua pazia zito. Nilinunua redio nikamwekea kwaya. Aliizima, alisema inaziba. Alikonda mpaka pete ya mama ikawa inamvuka kidole, akaihamishia kwenye dole gumba.

Jioni moja nilikuwa nimekwama kwenye ukurasa. Nilikuwa nimeanza kuandika kuhusu baba. Nilikuwa na kitu kidogo sana chake, kwa sababu ya udogo wangu. Siku zote nilijua yaliyobaki yako kwa Zawadi, yametunzwa, na kwamba siku nitakapokuwa tayari nitamwomba.

"Dada," nilisema, "baba alikuwa anacheka vipi?"

Aliinua uso. Niliona anatafuta, nikamwona anafika mahali ambapo kitu kilikuwa, akapapasa.

"Alikuwa mrefu, eti?" alisema.

Alikuwa ananiuliza mimi.

Nilisema ndiyo. Nilisema alikuwa mrefu sana. Sijui kama ni kweli, na sasa hakuna mtu duniani wa kunisahihisha.

Msimu wa ndege ulipofika mjomba Deusi alikuja mjini. Alileta mchele, mayai yaliyofungwa kwenye pumba, na salamu za Mama Skola. Alikaa kwenye kigoda akanywa chai, akaongea habari za barabara, habari za paroko mpya, habari za bei ya mbolea. Alikuwa amezeeka. Zawadi alimwacha amalize yote.

"Wametua wapi, mjomba?"

Alinitazama mimi kwanza. "Sikuja kwa ajili hiyo, mama."

"Mjomba, wewe hujawahi kuja mjini kunywa chai. Wametua wapi?"

"Wametua kila mahali," alisema, sauti ikashuka. "Kuna watu wamepoteza shamba lote kwa asubuhi moja. Tunasubiri ndege ya kunyunyizia dawa, hatujaiona. Lakini nakuapia, sijatumwa. Waliotaka kunituma niliwafukuza."

"Nitakwenda na wewe."

"Dada," nilisema, "daktari alikuambia nini?"

"Aliniambia mengi. Kidogo nimesahau." Alitabasamu, kwa ule mzaha wake, kisha ukamtoka usoni. "Riziki, nisikilize. Hapa nasikia vitu mchana kutwa, na hakuna kinachokuja. Nakaa tayari, hakuna kinachokuja. Kule nikisema wanakuja, wanakuja. Watu wanainuka, wanafanya kitu, na ndege wanaondoka. Unajua kuondoka kulivyo? Nikiwaona wamepita mlima, kuna muda mfupi kifua changu kinashuka. Hapa hakijashuka hata mara moja."

"Utakufa kule."

"Na hapa nafanya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Ndiyo kazi yangu, maneno. Nilikuwa na yale ya daktari kuhusu mishipa na sukari na kumbukumbu, yote ya kweli, na nilijua kila msimu juu ya dungu utachukua kitu kingine ambacho hakirudi. Nilijua pia kwamba miezi ile ya utulivu niliyoipigania ilikuwa imechukua vingi zaidi. Vita vilimchukua baba kwa muda mfupi tu, mtoni. Mama vilimsubiri mpaka akafika salama. Kwa dada yangu havikuwa na haraka. Vilikuwa vinamchukua kidogo kidogo, kuanzia yale aliyoyapenda, na vilikuwa vimemwachia yale tu vyenyewe vilivyoyahitaji. Mimi mwenyewe naambiwa nasaga meno nikilala. Sijui kwangu vitaanzia wapi.

Nilichukua dawa zake kwenye dirisha, nikaziweka kwenye mfuko, juu, mahali atakapoziona. Nilimfungia mkate. Mjomba alisimama na kofia mkononi, akasema, "Nitamchunga, Riziki. Mungu anisikie," na akatoka kwanza, haraka, kama mtu aliyeiba.

Zawadi alibaki amesimama katikati ya chumba akitafuta kitu. Aliangalia kitanda, aliangalia meza yangu, akaniangalia mimi, na kwa kitambo kidogo sikuwa na uhakika kama jina langu liko mdomoni mwake. Alinigusa shavu kwa lile dole gumba lenye pete.

"Kula vizuri," alisema.

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, taratibu, mpaka ukafika, kama mtu anayeacha mtoto amelala ndani.